Betri za Jumapili

Habari ya kifo cha Bi Sikudhani ilinikuta nimesimama ndani ya karai. Sitanii. Nyumba yangu ya Tabora ina bomba la mvua bafuni, wanangu walilifunga wenyewe ili na mimi nioge kama watu, na maji siku hizi yanatoka karibu wiki nzima. Lakini mimi huweka karai chini ya bomba hilo, nikasimama ndani yake, nikajimwagia kwa kopo, na nikimaliza, maji yale yananipigia deki sebule kabla hayajaenda kumalizikia chooni. Wajukuu wananicheka. Mmoja aliwahi kuniuliza kama zamani tulikuwa maskini sana, nikamwambia hatukuwa maskini, tulikuwa na Bi Sikudhani. Basi simu ikalia dirishani, nikaipokea kwa mkono wenye sabuni, na Rukia, mjukuu wa Bi Sikudhani, akasema, "Shangazi, bibi ametutoka. Alfajiri ya leo." Nililia palepale nimesimama mpaka miguu ikapata baridi, na nilipotoka nilipiga deki kama kawaida, maana sikujua la kufanya jingine.

Nilifika Kasulu kesho yake jioni, wameshamzika. Mji umekuwa mkubwa, una lami na nguzo za umeme, lakini duka la Bi Sikudhani la vitenge na nyuzi liko palepale na mlango wake wa bluu, na chini ya mlango, kuuzuia usipigwe na upepo, niliikuta pasi yangu. Ni pasi ya umeme niliyokuja nayo kutoka Bujumbura. Wenzangu walibeba sufuria, magodoro na vyeti. Mimi, msichana wa miaka kumi na tisa niliyetoka kusomea uhazili, nilibeba pasi, kwa sababu niliamini popote nitakapofika nitatakiwa kwenda kazini nguo zimenyooka. Nilivuka nayo mpaka wa Munanila kichwani, imefungwa kwenye khanga. Yaliyotangulia siku ile, na namna tulivyopotezana njiani mimi na kaka yangu Dezire, nimeshawasimulia waliopaswa kuyasikia na hapa sitayarudia. Ninachotaka kusimulia ni mwaka mmoja nilioishi katika nyumba ya Bi Sikudhani, aliyenipokea nikiwa mgeni asiyenijua, mwaka niliojifunza kuoga, kupika na kuona gizani upya, na kosa moja nililolifanya mchana kweupe nikidhani natenda wema.

Pasi yenyewe niliitumia mara moja tu. Mtaa ule haukuwa na umeme wa serikali. Jirani mmoja mwenye mashine ya kusaga alikuwa na jenereta, na tangu saa moja jioni mpaka saa tatu usiku aliwagawia majirani saba, kila nyumba taa moja. Taa ya Bi Sikudhani haikuning'inia darini. Ukuta kati ya sebule na chumba nilicholala naye ulikuwa umetobolewa tundu kwa juu, na balbu imekaa ndani ya tundu hilo ili imulike huku na huku. Mimi niliyekulia kwenye nyumba yenye taa mpaka kwenye veranda niliona jambo la ajabu sana, nikafikiri fundi alikosea. Jumamosi ya kwanza, ili niende misani kesho yake kama mtu, nikaona soketi karibu na swichi, nikachomeka pasi. Nilisikia jenereta kwa jirani likikohoa mara mbili, kisha nyumba zote saba zikazimika, na sauti zikaanza kutoka uani, moja baada ya nyingine. "Nani kachomeka kitu? Nani huyo?" Bi Sikudhani aliingia na kibatari, akaniangalia nimeshika pasi, akaangalia gauni, akaketi kitandani akacheka mpaka akashika mbavu. "Mwanangu," akasema, "huu umeme wa kuazima. Huu hata kuutazama sana si adabu." Kisha akatoka akawaambia majirani kuwa ni yeye aliyekosea, ana mgeni, wamsamehe.

Kwenye maji hakuwa na kicheko. Alikuwa mwanamke wa Ujiji, mfupi, mjane, mwenye sauti ya kuimba hata akigomba, na kwa maji aligomba hasa. Chemchemi ilikuwa bondeni, mwendo wa kushuka kwa furaha na kupanda kwa majuto, na kila dumu lililofika uani lilikuwa na ratiba yake. Maji yaliyooshea mchele yalianzia kuoshea vyombo vyenye mafuta. Maji ya kuogea yalikingwa kwenye karai. Ya asubuhi yalipiga deki, ya jioni yalilowekea nguo za shambani, na yote hatimaye yaliishia chooni au kwenye migomba. Mimi siku ya kwanza nilioga, nikayamwaga maji uani kwa nguvu, kama tulivyokuwa tukimwaga kwetu ili vumbi lilale. Akaniita. "Goreti, hayo maji yamekukosea nini?" Nikasema yamechafuka. "Yamechafuka kwa kazi gani? Wewe umekaa ndani mchana kutwa. Hayo bado ni vijana." Tangu hapo nilijifunza kuyatazama maji kwa umri wake. Hata kuna siku nilijikuta chooni nimeshika ndoo ya maji ya mara ya nne, meusi tii, nikayaonea huruma kuyamwaga.

Yako maji ya aina moja tu aliyoyaacha yaende moja kwa moja. Pembeni ya ua alikuwa amepanda mchaichai, na hapo ndipo alipochukulia udhu mara tano kwa siku, akiwa amesimama ili kila tone lidondokee shinani. Mchaichai ule ulikuwa mkubwa kuliko wa nyumba yoyote mtaani, na tulipokunywa chai aliniambia, bila hata kutabasamu, "Kunywa, mwanangu. Chai yako inanyweshwa na sala zangu." Mimi Mkatoliki wa kubatizwa utotoni nilikunywa chai ile mwaka mzima na padri hakuniuliza. Nimepanda mchaichai Tabora pia. Haujawahi kufika kiwango kile, labda kwa sababu mimi naumwagilia ninapokumbuka.

Tulikula sebuleni watatu, kwenye mkeka, mapema kabla jenereta halijawaka ili taa isiliwe na ugali. Wa tatu alikuwa Mwalimu Mbwambo, Mpare aliyepangiwa kazi Kasulu na kupanga chumba cha uani. Alikuwa mrefu, mpole na mlalamishi, hasa kuhusu ugali wa muhogo ambao alisema unamkwama hapa, akionyesha koo, ilhali sahani yake ilikuwa ya kwanza kuisha. Maharage yalikuwa ya mawese, na siku ya neema kulikuwa na samaki wa migebuka kutoka Kigoma. Mimi niliongea kidogo kwa sababu Kiswahili changu kilikuwa cha Bujumbura, nikisikiliza wao wawili wakibishana kuhusu redio, na kwa kweli nadhani lugha nilijifunza kwenye ubishi huo. Redio ilikuwa ya Bi Sikudhani, kubwa, ya betri nne. Mwalimu alitaka mpira. Bi Sikudhani alitaka taarifa ya habari na, zaidi ya hapo, alitaka kimya.

"Bi Mkubwa, dakika kumi tu za kipindi cha pili."

"Mpira hata usipousikiliza, goli litaingia. Betri zina kazi Jumapili."

Kazi ya Jumapili ilikuwa yangu. Saa kumi jioni, mchana bado mweupe, kulikuwa na kipindi kilichosoma majina ya watu waliopotezana na ndugu zao. Fulani wa mahali fulani anamtafuta mama yake; fulani, mara ya mwisho alionekana mahali fulani, anatafutwa na wadogo zake. Msomaji alisoma taratibu, bila kupamba, nusu saa nzima. Mimi nilikuwa nimetuma jina langu na la Dezire kupitia watu wa misaada, nikaambiwa nisikilize, maana huenda naye ametuma. Jenereta la jirani saa hizo lilikuwa limelala, kwa hiyo kila kitu kilitegemea betri. Tulikaa uani, Bi Sikudhani, Mwalimu na mimi, redio juu ya kigoda, na hakuna aliyeruhusiwa hata kumenya muhogo. Walipoanza herufi ya D, Bi Sikudhani alikuwa ananishika kifundo cha mkono, na walipoipita aliachia, akasema, "Haya, wiki ijayo." Nilimzoea hivyo. Sikuwahi kujiuliza betri zile zinadumu vipi miezi na miezi.

Kiangazi kikaingia. Chemchemi ikapungua mpaka tukawa tunapanga foleni tangu alfajiri, vumbi jekundu likakaa kwenye kila kitu, na mimi kwa wakati ule nilikuwa nimeshakuwa mwanafunzi bora wa kubana matumizi, najisifu kimoyomoyo. Nilioga kwa makopo matatu. Niliwahi kumkaripia Mwalimu kwa kupiga mswaki kwa kopo zima. Jumapili moja nikarudi kutoka misani mapema, Bi Sikudhani ameenda kumjulia hali mgonjwa, nikasema leo nimfurahishe, nitasafisha ua mzima kwa maji ya mara ya tatu bila kugusa dumu hata moja. Nilifagia, nikadeki ngazi, nikafuta madirisha. Juu ya paa la bati la banda la kuku kulikuwa na ungo wa dagaa unaoanikwa, na kando ya dagaa, zimepangwa mstari, betri nne kuukuu zilizochubuka, moja imeanza kutoa uchafu mweupe. Kwetu tulikatazwa betri zilizokufa zisikae karibu na chakula, ni sumu. Nilishtuka, nikazikusanya kwenye karatasi, nikaenda nazo moja kwa moja chooni nikazitumbukiza shimoni. Nakumbuka hata mlio wake. Nilinawa mikono kwa maji machache sana, nikajiona nimeokoa nyumba.

Saa kumi kasoro robo Bi Sikudhani alitoka na redio, akaiweka kigodani, akanyoosha mkono juu ya bati bila kuangalia, kama mtu anayechukua kitu alichokiweka mwenyewe. Mkono ukapapasa. "Goreti, betri zangu ziko wapi?"

"Nimezitupa, mama. Zilikuwa zimekufa."

"Zimekufa?" Hakupandisha sauti. "Zilikuwa zinaota jua."

Ndipo nilipoelewa. Kila Jumatatu alizitoa betri ndani ya redio ili zisijiishie bure, na kila Alhamisi, mimi nikiwa chemchemini, alizianika, kwa sababu betri iliyochoka ikipata jua la siku tatu inarudi na nguvu kidogo, ya nusu saa hivi, ya kipindi kimoja. Nyumba nyingi za Kasulu zilifanya hivyo na hakuna aliyeona haja ya kunieleza, kama ambavyo hakuna anayemweleza mtu kwamba mahindi huanikwa. Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni. Alisema, "Ngoja," akakimbia na miguu yake mirefu kuelekea madukani, ingawa alijua, na sisi sote tulijua, kwamba wiki ile betri zilikuwa zimekwisha mjini, maana mji mzima ulikuwa na wageni na wageni wote walikuwa wanasikiliza majina. Bi Sikudhani akabisha kwa jirani wa jenereta, pamefungwa, wako shamba. Tochi ya Mwalimu ilikuwa na betri mbili ndogo zisizoingia. Basi akanikamata mkono, akajitanda khanga vibaya vibaya, na mwanamke yule ambaye sijawahi kumwona akiharakisha hata kwa mvua, alikimbia nami barabarani mpaka kwa Mzee Bitama, mshona viatu, ambaye kibanda chake kilikuwa na redio na watu wamekizunguka.

Tulipofika walikuwa wanasoma herufi ya N. Bi Sikudhani aliuliza kwa kunong'ona, kisha akauliza kwa sauti, "Dezire? Wamemsoma Dezire yeyote?" Watu walitunyamazisha. Kipindi kilipokwisha Mzee Bitama alifuta mikono yake yenye gundi na kutuangalia kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyoniambia kabla ya maneno.

"Ego, mama, ndiyo, alikuwepo Dezire mmoja," akasema. "Anamtafuta dada yake."

"Dada yake nani? Wa wapi?" Waliokizunguka kibanda wakatikisa vichwa, kila mmoja alikuwa akingojea jina lake.

"Oya, hapana, sikushika. Nilikuwa napiga msumari."

Nimeishi miaka mingi na msumari huo. Sikumchukia mzee yule hata siku moja, alikuwa kazini kwake, na Dezire ni jina la watu wengi. Huenda alikuwa wa mtu mwingine kabisa. Lakini jioni ile nilikaa chini karibu na shimo la choo nilikozitupa, nikakataa chakula, na Bi Sikudhani akaja akakaa na mimi hapohapo, kwenye harufu, na sahani yake mkononi. Nilingoja anigombeze. Alikuwa amenigombeza kwa kopo moja la maji, sasa nilitamani anigombeze kwa hili. Akanimegea tonge. "Atasomwa tena," akasema. "Anayetafuta hatafuti mara moja. Kazi yake yeye ni kutuma jina. Kazi yetu sisi ni kuwa na betri." Mwalimu Mbwambo alileta betri za tochi yake akaziweka kwenye ungo, ingawa haziingii, na kwa wiki nzima alikwenda chooni usiku kwa kupapasa.

Wiki mbili baadaye Bi Sikudhani alifunga duka, jambo ambalo hakulifanya hata alipougua, tukapanda lori la mahindi mpaka Kibondo, kwa dada yake. Kule kulikuwa na makambi na mbao za majina, na tulisoma mbao zote, yeye akinisomea za juu na mimi za chini kwa sababu macho yake yalikuwa ya mbali. Kwa dada yake maji yalikuwa shida kuliko kwetu. Tulinawa uso watu wanne kwa kopo moja, na Bi Sikudhani alilitazama kopo lile kwa heshima, kama mtu aliyekutana na bingwa kuliko yeye. Dezire hakuwepo. Tulirudi Kasulu, na lori la kwanza lililoleta betri lilimkuta barabarani anangoja. Alinunua nne, akanikabidhi. Tangu siku hiyo kuzitoa Jumatatu na kuzianika Alhamisi ikawa kazi yangu, na sikuwahi kuzikosea tena. Majina yalisomwa. Dezire wawili zaidi walisomwa mwaka ule, mmoja mzee wa miaka sabini, mwingine mtoto mchanga.

Mwaka ulipotimia nilipata nafasi ya kazi ya uchapaji Tabora, nikaondoka kwa machozi na madumu mawili ya mawese. Pasi nilimwachia, maana aliniambia mlango wa duka unahitaji kitu kizito. Tabora nilisikiliza kipindi kile miaka miwili. Kisha nikaolewa, nikapata watoto, Jumapili zikawa na mambo yake, na siku moja nikagundua nimepitisha mwezi mzima bila kusikiliza na sikuumia. Baadaye kipindi chenyewe kikafutwa. Sikumwambia Bi Sikudhani kwamba niliacha. Nilipokuwa nampigia simu hakuwahi kuniuliza, na mimi nilishukuru kwamba amesahau.

Siku ya tatu ya matanga ilikuwa Jumapili. Wageni walikuwa wanapungua. Rukia, ambaye ni mwalimu sasa na ndiye aliyeishi na bibi yake miaka ya mwisho, alinipikia chai ya mchaichai wa uani. Bomba lipo, hatua tatu kutoka pale, lakini chini ya mchaichai ardhi bado ilikuwa na shimo dogo pale miguu ya Bi Sikudhani ilipokuwa ikisimama. Ndani taa ni za kila chumba. Tundu la ukutani limebaki, wameweka saa. Nilikwenda nyuma kumwaga majani ya chai, na juu ya bati la banda la kuku, ambalo siku hizi halina kuku, nikaona ungo. Ndani yake hakukuwa na dagaa. Zilikuwepo betri nne tu, zimepangwa mstari.

Nilimwita Rukia. Alikuja akijifuta mikono, akaona ninachotazama, akacheka kidogo kwa aibu kama mtu anayefichua kituko cha mzee wake. "Ah, hizo za bibi. Tulimwambia redio inachomekwa ukutani siku hizi, bibi, umeme upo. Akasema, na ukikatika Jumapili saa kumi je? Akawa haelewi kwamba kipindi hakipo. Au anaelewa, sijui. Saa kumi anafungua stesheni ileile, wanapiga muziki, anasikiliza nusu saa yake, anazima. Mpaka Jumapili iliyopita amesikiliza."

Nikamuuliza kwa nini hakuna aliyeniambia.

"Alisema usisumbuliwe, wewe una watoto. Alipoanza kuishiwa nguvu alinikalisha hapo kwenye kigoda nimsaidie kusikiliza. Akaniagiza, 'Rukia, akisomwa Dezire usiinuke. Usikimbilie kumpigia Goreti simu. Kaa hapohapo mpaka ushike na jina la dada yake.'"

Ilikuwa inakaribia saa kumi. Nilimwomba Rukia alete redio, nikazitoa betri kwenye ungo, moja moja, bado zina joto la jua, nikazipachika. Tukakaa.